Doti 24: shajara ya mradi wetu wa leso, Mji wa Kale

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo tumeanza. Tuko wanne, na tumekubaliana kutengeneza leso (khanga) yetu wenyewe hapa hapa Mombasa, tangu mchoro hadi uzi wa mwisho. Doti 24, zote kwa mkono. Mimi nimepewa kazi ya kuandika shajara hii na kushika daftari la saa. Mtu akifanya kazi ya mradi, hata iwe ya robo saa, aniambie niandike.

Daftari hilo ndilo lililotukusanya, kuliko hata leso. Sisi ni wanawake, mashoga wa miaka mingi, kila mtu na sanaa yake, na sote tunasumbuliwa na jambo moja: kazi zetu huombwa kwa jina la msaada. "Nifanyie kidogo tu, shoga yangu." Bi Hina (tunaitana kwa kazi zetu, na humu nitaendelea hivyo) aliitwa mwaka jana na hoteli moja apambe ukuta mzima wa ukumbini kwa michoro ya hina. Siku tatu alikuwa juu ya ngazi. Alilipwa chakula cha mchana na ahadi kwamba wageni watauona mkono wake. Bi Kofia hushona kofia za mkono, zile za tundu, na kofia moja humla mwezi na zaidi. Kila Ramadhani ikikaribia hakosekani ami mmoja wa kumwambia, "Si wewe ni mwanangu?" Bi Cherehani yuko Likoni, hushona sare za shule na kupindia watu leso. Mimi naandika michezo ya redio, mashairi ya harusi na maneno ya kadi za mwaliko, na mtu anaponiomba mashairi beti kumi huniomba kana kwamba nimeshayatia mfukoni, nimpe tu.

Chumba cha kazi ni cha juu, nyumbani kwa mamake Bi Kofia, Kibokoni. Kina madirisha mawili na mlango wa kutokea kwenye paa la saruji. Meza tumeunganisha mbili, juu yake blanketi, na juu ya blanketi plastiki.

Hatutaki kushindana na Barabara ya Biashara. Duka la Kaderdina Hajee Essak liko pale tangu 1887, na mpaka leo ukiona K.H.E. na "Mali ya Abdulla" pembeni mwa leso huulizi imetoka wapi. Leso za kiwandani, nyingi zao kutoka India, hatuziwezi kwa bei wala kwa wingi. Tunalotaka ni kujua kitu kimoja kwa hakika: leso moja ikipita kwenye mikono yetu minne, inachukua saa ngapi za nani.

Jumamosi, 18 Januari

Kitambaa. Tumechukua marikani nyeupe ya upana wa sentimita 152, mita 58. Jina lenyewe ni la Marekani, maana wafanyabiashara wa huko ndio walioijaza pwani hii nguo hiyo karne ya 19, jina likabaki na nguo ikaanza kutoka kwingine.

Bi Cherehani amevuka nayo kwenye feri, gora kichwani, na alipofika alikuwa na neno moja tu: asiikate mtu kabla hajaipima. Mimi nilitaka tuanze kukata leo. Yeye akakata kipande cha mita moja kwa mita moja cha marikani hiyo hiyo, nje ya zile mita 58, akakifua mara mbili na kukianika. Kilipokauka tukakipima: kwenda urefu kimekuwa sentimita 94, kwenda upana 97. Tungekata sentimita 110 kama leso ya dukani, tungechapa, na mnunuzi angefua mara ya kwanza akabaki na kitambaa kilichopotoka na maandishi yaliyokunjamana.

Kwa hivyo: kila upande, yaani nusu ya doti, ukatwe sentimita 120, ufuliwe, ndipo uchapwe. Mita 58 zinatoa pande 48, yaani doti 24, na kinachobaki ni cha majaribio.

Kufua nako kulikuwa na mtihani wake. Maji ya kisima cha nyumba hiyo yana chumvi, sabuni haitoi povu, na wanga wa kiwandani hautoki vizuri. Ikabidi tununue maji baridi, yasiyo na chumvi, ya mkokoteni, mitungi ya lita 20. Nimeandika gharama. Bi Cherehani kukata na kufua: saa 14, zikiwemo za kesho kutwa atakazomalizia.

Jumamosi, 25 Januari

Siku ya pindo, na nitaiandika kwa kirefu kwa sababu nimejifunza jambo.

Leso ina pindo la kuzunguka, mji (mchoro wa katikati) na jina (maneno yake). Watu husifu mji na husoma jina, lakini pindo ndilo linalomshinda mchoraji. Linazunguka pande nne, na pande hizo hazilingani. Ua likirudiwa rudiwa upande mrefu hufika kwenye pembe likiwa zima, upande mfupi likafika nusu. Ukiona leso ambayo ua limekatwa shingo kwenye pembe, hapo ndipo aliposhindwa.

Bi Hina amechora mapindo matatu wiki hii, yote mazuri na yote yamekwama kwenye pembe. Mkono wake haukuzoea kurudia. Anapomchora bibi harusi huanzia kwenye kidole akafuata mkono wenyewe, jani likihitaji kunyooka linanyooka, na hakuna mkono aliowahi kuuchora mara mbili. Tulipomwambia ua moja lazima liwe lile lile mara ishirini alinyamaza, kisha akasema anahisi kama amefungwa vidole.

Bi Kofia alikuwa kwenye kona yake na kofia mapajani, akihesabu tundu kama kawaida. Akauliza, "Kitambaa kimebaki kiasi gani baada ya kufuliwa?" Nikamwambia 147 kwa 112. Akachukua kalamu ya risasi. Kofia, alituambia, ni kazi ya kugawa. Kichwa kina mzunguko wake, na maua yakianza lazima ya mwisho yakutane na ya kwanza bila nusu wala robo, la sivyo kofia nzima imeharibika na mwezi umekwenda bure. Yeye hapimi kwanza akachora. Hutafuta kwanza namba inayokubali kuingia kote.

Namba yake ilikuwa 18. Acha nafasi kidogo ya kupinda, mchoro uwe 144 kwa 108. Kumi na nane inaingia mara nane kwenye 144 na mara sita kwenye 108. Pembe nne ni miraba ya 18 kwa 18, na kati ya pembe na pembe yanakaa maua sita upande mrefu, manne upande mfupi. Hakuna linalokatwa. Jina nalo liwe na urefu wa 54, yaani mara tatu, likae katikati.

Alichukua dakika kama kumi. Nikamuuliza niandike dakika kumi? Bi Hina akanijibu kabla yake: "Andika na ile miaka." Nimeandika saa 12, ndizo alizotumia baadaye kuchora vipimo vyote kwenye karatasi na kupiga bandi kitambaa cha mfano, uzi mwekundu kila sentimita 18. Ile miaka sina safu ya kuiandikia, na tangu hapo jambo hilo halijanitoka.

Jumapili, 9 Februari

Jina.

Nilianza na hasira ya lile daftari. Nikaandika MSAADA NI MARA MOJA, HII NI KAZI. Nililipenda sana. Nikawasomea, wakacheka, Bi Cherehani akapiga kigelegele. Kisha mamake Bi Kofia, aliyekuwa akipita na chai, akaomba nimsomee tena.

Akaniuliza, "Nani atampa nani leso hiyo?"

Sikuwa na jibu. Akaweka sinia chini, akakaa. "Leso haisemi na mtu mmoja, mwanangu. Yasema na aliyeinunua, na aliyepewa, na yule atakayepita nyuma akaisoma. Wewe umeandika barua ya madai. Mama hawezi kumfunga mwanawe kiunoni siku ya harusi kwa barua ya madai." Akatusimulia ya mamake yeye, enzi za Banu Saada na Ibinaal Watan, vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilivyokuwa vikishindana hapa mjini, wanawake wakitoka kwa sare, leso moja kwa wote. Neno likichaguliwa, anasema, lilipimwa kwanza: walio ndani walisikie kwa sikio lao, na walio nje walisikie kwa lao, na asiweze mtu kusimama akasema nimetukanwa.

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Nimeandika majina 31 na kuyafuta 30. Lililobaki ni MKONO HUU UNA MWENYEWE.

Bibi harusi aliyepakwa hina akilivaa, linasema la ndoa. Mama akilivaa jikoni, linasema la kwake. Sisi wanne tukilisoma, twajua twasema nini. Herufi 19 na nafasi tatu, kwenye sentimita 54 kila moja inapata karibu mbili na nusu, inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nimempelekea yule mama, akalisoma kimya, akasema, "Hilo lavalika." Saa zangu 9.

Jumamosi, 15 Februari

Fremu tano za kuchapia, kila moja ya mbao yenye wavu: ya ua la pindo (maua mawili mawili, ili tuchape haraka), mbili za pembe, ya mji, ya jina. Seremala katengeneza, wavu tumeuvuta wenyewe hadi ukigongwa unalia kama dafu.

Tulio na kazi ya fremu ni mimi na Bi Hina. Unapaka wavu dawa ya mwanga ndani ya chumba cha giza, unaacha ikauke, unaweka juu yake plastiki iliyochapwa mchoro mweusi, kisha unaitoa juani. Palipopigwa na jua dawa inakuwa ngumu, palipokingwa na wino inabaki laini na maji yanaiondoa, na hapo ndipo rangi itakapopitia. Watu wana taa maalumu za kazi hii. Sisi tuna kaskazi. Mwezi huu jua la Mombasa liko utosini, na kama saa sita na nusu mchana huna kivuli cha kukanyaga. Tumekata vipande vya majaribio: dakika 1, 2 na 3. Ya 1 dawa yote ilikwenda na maji. Ya 3 hata mistari myembamba ya Bi Hina iliziba. Dakika 2.

Fremu ya jina tumeiharibu. Niliweka plastiki kinyume, na jina likatoka linasomwa kwenye kioo. Tumeifuta na kuanza tena. Saa 8 kila mmoja.

Jumamosi, 22 Februari

Rangi ya kwanza imeshika kitambaa. Pindo ni damu ya mzee, mji na jina ni nyeusi.

Nataka kuandika namna inavyokuwa. Watu wawili wanashika fremu, inakaa juu ya bandi nyekundu za Bi Kofia. Rangi inamwagwa kichwani mwa fremu kama uji mzito. Bi Hina anaukaza mpira wa kusukumia rangi kwa mikono miwili na kuuvuta kuelekea kwake, mara moja tu, bila kusita, na unasikia sauti kavu ya wavu. Kisha fremu inanyanyuliwa wima, wima kabisa, maana ikiegemea inachafua. Chini yake kuna maua mawili yaliyolowa, yanang'aa. Hakuna aliyesema kitu kwa maua manne ya kwanza. Ilipochapwa pembe ya kwanza na ua likakutana na ua, sawasawa, Bi Kofia alitoka nje kwenye paa akakaa huko kidogo.

Leso moja ni mivuto 14 ya pindo pekee: mitatu kila upande mrefu, miwili kila upande mfupi, na pembe nne. Kwa pande 48 ni mivuto 672, kabla ya mji na jina. Leo tumemaliza pande 9, na moja imeharibika kwa tone la rangi.

Bi Hina ameniambia jambo nikiwa namwandikia saa zake. Mji, ule mchoro wa katikati, ni kiganja, na humo ndani amekataa kupima. Pindo limetii 18, lakini kiganja amekichora huru kama anavyomchora bibi harusi, na jani moja limetoka nje ya mstari. "Hilo msilinyoshe," amesema. Tumeliacha.

Machi

Ramadhani. Mradi nao umefunga. Bi Cherehani ana mashungi na kanzu za watoto mpaka kwenye dari. Bi Kofia ana kofia nne za kumaliza.

Bi Hina hana kazi mwanzo wa mwezi, maana harusi zimesimama, kisha usiku tatu za mwisho kabla ya Idd halali. Nilikwenda kumshika mkono usiku wa 28. Foleni ya wanawake ilifika ngazini. Wawili walitaka piko ikolee haraka, ile inayochanganywa na dawa ya nywele. Amewakatalia, nao wakaenda kwingine. Amewahi kuona mkono wa msichana uliobabuka malengelenge kwa umbo lile lile la maua aliyochorwa, na tangu siku hiyo haitii dawa hiyo mkononi mwa mtu kwa bei yoyote. Usiku ule alipoteza pesa, na hakuna daftari linaloandika hilo pia.

Jumamosi, 19 Aprili

Tumerudi, na mvua imerudi nayo. Rangi iliyokauka kwa nusu saa mwezi wa Februari sasa inakaa mbichi mpaka alasiri. Paa halitumiki. Tumefunga kamba chumbani kutoka dirisha hadi dirisha, tunapita chini yake tumeinama. Pande mbili zimegusana zikapigana chapa. Zimekwenda.

Jumapili, 4 Mei

Uchapaji umekwisha. Pande 48 zimeingia, 5 zimeharibika, 43 nzima. Hiyo ni doti 21 na upande mmoja. Saa za kuchapa: Bi Hina 22, Bi Kofia 22. Mimi nilikuwa nikipokea na kuanika, na kutafuta rangi, maji na makaa: 11 kwa jumla, toka Januari.

Jumamosi, 17 Mei

Hili sikulitia kwenye mpango, wala wenzangu hawakulitia, isipokuwa mmoja ambaye hatukumuuliza.

Rangi ya aina hii haishiki kitambaa mpaka ipate moto. Ukiifua hivi hivi inakuachia maji mekundu na leso nyeupe. Lazima ipigwe pasi, kila mahali penye rangi, kama dakika tatu, pasi ya moto mkali, na kitambaa kikavu katikati ili isiungue. Mimi kwenye daftari la Januari niliandika "pasi" kwenye mstari mmoja pamoja na "kukunja".

Upande mmoja wa leso unachukua kama dakika 35. Kwa pande 48, maana hata zilizoharibika alizipiga kujaribia au kuokolea, ni saa 28. Zote za Bi Cherehani, siku sita, Likoni na Kibokoni. Siku ya pili stima ilipotea asubuhi, ikarudi usiku. Akatuma mtoto nyumbani amletee pasi ya makaa ya marehemu bibi yake. Anawasha kwa vifuu vya nazi, anavisubiri viwe vyekundu bila moshi, anafunga kifuniko, anaitikisa mara moja nje ya mlango ili jivu lidondoke huko na sio juu ya leso. Kisha anatemea tone la maji kwenye bati la chini. Likitulia pasi haijawa tayari. Likiruka likapotea, tayari. Nilikaa naye saa nzima. Jasho linamshuka puani, analifuta kwa bega kabla halijadondoka kwenye nguo, na mkono wa pasi hausimami. Akimaliza pindo moja huchukua kitambaa cheupe kilicholowa na kulisugua kwa nguvu. Kikitoka cheupe anahamia pindo la pili.

Nikamuuliza mbona hakutwambia Januari kwamba pasi ndiyo itakuwa kazi kubwa. Akasema, "Mlikuwa mwaongea habari ya sanaa."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema, kwa sababu hakuyasema kwa uchungu. Alikuwa anajibu swali. Sisi tuliojikusanya kulalamika kwamba kazi zetu haziitwi kazi, tulikuwa na wetu mmoja tukamfanyia yale yale. Niliyeandika mpango ni mimi.

Kupinda: saa 14 nyingine.

Jumapili, 15 Juni

Zimekwenda. Doti 20 kwa shilingi 2,500 kila moja, nyingi kwa harusi zilizokuja baada ya Idd ya kuchinja. Ya 21 tumempa mamake Bi Kofia, kwa chumba na kwa jina. Chumba hatukukilipia kodi hata mwezi mmoja, na doti moja haitoshi. Awamu ijayo kodi itaingia kwenye hesabu kabla ya rangi.

Mnunuzi mmoja alirudi baada ya kufua mara tatu kutuonyesha kwamba haijachuja. Nilimpeleka akamwonyeshe Bi Cherehani mwenyewe.

Ule upande mmoja uliobaki peke yake hauuziki, kwa kuwa leso ni mbili. Tumeutandika mezani, juu ya blanketi.

Jumamosi, 28 Juni

Mgao.

Mauzo shilingi 50,000. Kitambaa 12,760. Rangi, fremu, wavu na dawa 11,250. Maji, makaa na nauli 3,440. Zimebaki 22,550.

Nitasema wazi nilivyokuja na msimamo gani. Tangu Januari nilishikilia kwamba tugawane sawa, robo kwa robo, kwa sababu bila jina leso ni kitambaa cha maua, na jina ni langu. Na bado naamini kwamba neno lina thamani isiyopimika kwa saa. Lakini nilipofungua daftari mbele yao na kusoma kwa sauti, sikuweza kuitetea ile robo. Bi Cherehani saa 56. Bi Hina 49, yaani 19 za kuchora, 8 za fremu na 22 za kuchapa. Bi Kofia 34. Mimi 28. Jumla 167.

Tumegawa kwa saa. Ni shilingi 135 kwa saa moja, na zimebaki shilingi 5 ambazo ziko kwenye kopo la sindano. Bi Cherehani 7,560, Bi Hina 6,615, Bi Kofia 4,590, mimi 3,780. Shilingi 135 kwa saa ni ndogo. Lakini ni mara ya kwanza yeyote kati yetu kuwa na namba ya kumwonyesha mtu anayesema "kidogo tu". Bi Kofia tayari ameitumia. Ami alipokuja wiki hii alimhesabia saa za kofia moja, moja moja kwa vidole, bila kupandisha sauti. Amelipwa nusu taslimu, nusu mwisho wa mwezi.

Kisha tukaja kwenye ile miaka isiyokuwa na safu. Mchoro, kipimo cha 18 na jina vimekwisha kufanywa. Leso ikichapwa tena, waliovifanya hawatakuwa na saa za kuandikiwa. Hapo ndipo tulipobishana, mpaka adhana ya alasiri. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda mchoro kwa uhai wa aliyeuchora na miaka 50 baada ya kufa kwake, na haki hiyo inakuwepo tangu mchoro unapokaa kwenye karatasi, hata kabla ya kuusajili kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Kiganja cha Bi Hina, nadhani, kina kinga. Kwa maneno yangu manne sidhani kama kuna ukuta wa kuyazungusha, na kipimo cha 18 ni hesabu, mtu yeyote aweza kuitumia akishaiona. Lakini baina yetu sisi hatuhitaji kusubiri sheria.

Tumeandikiana karatasi na kuitia saini. Kila doti itakayochapwa tena, kabla ya mgao wa saa: shilingi 100 kwa mchoro, 60 kwa kipimo, 60 kwa jina. Bi Cherehani aliulizwa anataka nini kwenye safu hiyo, akasema hataki pesa ya safu hiyo. Anataka kazi ya pasi igawanywe, kila mtu siku yake, na yeye atufundishe. Tumekubali, na nimeliandika kwenye karatasi hiyo hiyo, juu ya saini.

Kuna oda ya doti 12 ya harusi mwezi wa Agosti. Bi Hina asajili mchoro. Mimi niulize kodi ya chumba. Kesho asubuhi tunakwenda soko la Kongowea, mimi na Bi Cherehani, kutafuta pasi ya makaa ya pili.